Kuufanya wimbo wa wavuvi kuwa ngoma na filamu: mwongozo kwa vikundi vya mwambao wa Mwanza

Nyimbo za kisimulizi bado zinaimbwa mialoni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe na Ukara: chombo kilichotoka jioni kisirudi, ndugu waliogombana kwa ajili ya wavu, mama aliyeshinda ufuoni akiuliza kila mtumbwi unaoingia. Vikundi vya vijana vikizichukua na kuzitengenezea video, kosa huwa lilelile. Mwimbaji akitaja kasia, wachezaji wanapiga kasia. Akitaja machozi, mchezaji anajifuta macho. Akitaja ziwa, kamera inageukia ziwa. Mtazamaji anaambiwa jambo moja mara tatu, na kufikia ubeti wa tatu ameshachoka.

Kanuni tunayoisimamia hapa ni hii: sauti, mwili na picha ni wasimulizi watatu, na katika kila ubeti lazima wagawane kazi. Anachokisema mmoja, wengine wawili wasikirudie. Mengine yote yaliyomo katika mwongozo huu yanafuata kanuni hiyo au yanailinda isiharibiwe na upepo, jua na haraka. Maelezo yanafaa kundi la watu kumi hivi, wimbo wa dakika tano hadi sita, na filamu isiyozidi dakika saba. Simu nzuri inatosha, mradi iwe na stendi na programu inayokuruhusu kufunga mwanga na rangi.

Wimbo una wenyewe

Anza kwa kuuliza wimbo huimbwa wapi, na nani, na lini hauimbwi. Nyimbo nyingine ni za matanga tu. Nyingine zina jina la marehemu ambaye watoto wake wako hai na wanauza samaki hatua mia kutoka unaposimama. Mwambao huu umezika watu wengi: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mbali na mitumbwi ambayo habari zake hazivuki kijiji. Kama wimbo unagusa kifo majini, kaa kwanza na wazee na familia husika, waeleze utaonyesha nini na hutaonyesha nini. Ushauri wetu ni kutoonyesha kabisa mwili wa aliyezama, hata kwa kuigiza. Filamu haipungukiwi kitu, na ndani ya hadhira yako yumo mtu aliyewahi kuusubiri mwili kama huo.

Kisha vibali. Mwaloni, zungumza na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na ofisi ya mtendaji. Kwa filamu yenyewe, fuata utaratibu wa Bodi ya Filamu Tanzania. Kama unarusha droni, ruhusa ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni ya lazima. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo ukitaka kuuza filamu au kuipeleka kwenye matangazo, uliza COSOTA (ofisi ya hakimiliki) na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) mapema, kabla hujaanza kupiga picha. Katika maandishi ya mwisho wa filamu taja jamii na mahali wimbo ulikotoka, pamoja na majina ya walioimba, kama wanaridhia.

Ridhaa ichukuliwe kwa lugha ambayo mtu anaota nayo. Msomee masharti kwa Kikerewe, Kijita, Kisukuma au Kijaluo, na akikubali arekodiwe akisema kwa kinywa chake. Malipo yajulikane siku hiyohiyo, tena yalingane na kile ambacho angekipata kwa kazi ya siku aliyoiacha. Ahadi ya "filamu ikiuza tutakukumbuka" huvunja urafiki na mwalo mzima.

Jambo moja la ratiba linasahaulika mno. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Siku hizo za mwezi mpevu ndizo za kurekodi wimbo na kufanya mazoezi na wavuvi wenyewe. Mwezi giza ndio wakati wa kupiga picha za taa ziwani. Ukipanga kinyume chake utawakuta waimbaji wamelala mchana kutwa, na usiku hakuna taa hata moja majini.

Kurekodi sauti

Rekodi wimbo mzima mara tatu bila kukatiza, kisha ubeti mmoja mmoja, kisha maneno yakisemwa bila kuimbwa. Rudio la tatu ndilo huwa zuri zaidi, kwani mwimbaji ameshasahau maikrofoni. Maneno yaliyosemwa utayahitaji wakati wa tafsiri, na mara nyingi hapo ndipo mzee anapotoa ubeti ambao vijana wameuacha.

Weka maikrofoni sentimita 40 hadi 60 kutoka kwa mwimbaji kiongozi, na mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa waitikiaji waliokaa nusu duara. Tumia kipimo cha 48 kHz na biti 24, kilele cha sauti kicheze kati ya -12 na -6 dB. Ufuoni upepo wa kutoka ziwani huongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo saa moja hadi saa tatu asubuhi ndio muda wako. Chumba cha bati kina mwangwi mkali usiotibika baadaye. Chumba bora mwaloni ni stoo ya nyavu. Zile nyavu zilizorundikwa hadi darini humeza mwangwi vizuri, na waimbaji wakikaa katikati yake hujisikia wako kazini.

Usimlazimishe mwimbaji afuate mapigo ya mashine. Wimbo wa kazi huvuta na kuachia pumzi. Ukiunyoosha unaua kile unachokitafuta. Badala yake, baada ya kurekodi, sikiliza na ugonge mapigo kwa kidole kwenye programu ya kuhariri, uweke alama kila pigo la kwanza. Nyimbo za kuvuta wavu zikianza kwenye mapigo 84 kwa dakika zinaweza kumalizikia kwenye 92, na mtunzi wa ngoma anahitaji kujua ni ubeti gani uliongeza mwendo.

Rekodi pia dakika moja ya ukimya wa kila mahali, mawimbi yakigonga ubao wa mtumbwi, injini ikikohoa kabla ya kuwaka, na mkono ukigeuza dagaa kwenye chanja. Sauti hizi ndizo zitakazobeba sehemu ambazo wimbo umenyamaza.

Kugawa kazi: karatasi yenye safu tatu

Tuchukue wimbo wa mfano, tuliouunda kwa ajili ya maelezo haya tu. Una beti saba. Ndugu wawili wanatoka mwezi giza. Mdogo anaona radi upande wa Ukara na kutaka warudi. Mkubwa anasema wavute mara moja tu zaidi. Taa inazimika. Asubuhi mtumbwi unarudi na mtu mmoja. Mama anauliza, hajibiwi. Ubeti wa mwisho unauliza wavu ni wa nani sasa. Kiitikio ni mwito wa kuvuta, na kinarudi baada ya kila ubeti.

Chora karatasi yenye safu tatu: sauti, mwili, picha. Safu ya sauti imeshajazwa na wimbo. Jaza safu ya mwili kwa kitendo kimoja tu kwa kila ubeti, na safu ya picha kwa mahali na umbali wa kamera. Kisha soma kwa mlalo, na popote safu mbili zinaposema jambo moja, futa moja.

Ubeti wa nne, wa taa kuzimika, unaweza kusomeka hivi. Sauti: taa imezimika. Mwili: wachezaji wanaendelea kuvuta, mwendo uleule, hakuna anayeonyesha hofu. Picha: hatupo ziwani kabisa, tupo nyuma ya nyumba, mikono ya mwanamke inageuza dagaa juani. Mtazamaji anasikia hatari, anaona miili isiyojua, kisha anaona mikono ya mtu ambaye habari bado haijamfikia. Hofu inazaliwa kwa mtazamaji mwenyewe, na hiyo ina nguvu kuliko mchezaji anayetumbua macho.

Ubeti wa sita: sauti inauliza kwa niaba ya mama. Mwili wa mama usiulize. Mpe kazi: akunje kanga, apime chumvi, afunge kamba ya ndoo. Kamera ikae kwa yule ndugu aliyerudi, tena kwa karibu, shingoni na begani, bila uso.

Ruhusu mahali pamoja tu ambapo wasimulizi wote watatu wanakutana. Katika mfano huu tungechagua kiitikio cha mwisho: sauti inaita kuvuta, miili inavuta, kamera inaonyesha kuvuta, kwa upana, bila kukata, mpaka mwisho. Kwa kuwa mmejizuia dakika tano nzima, picha hiyo itakuwa na uzito. Vikundi vinavyotumia mkutano huo kila kiitikio hufika mwisho vikiwa mikono mitupu.

Kutoa ngoma ndani ya kazi

Watu wa nje hudhani ngoma ya Mwanza ni nyoka na fisi. Mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, ni hazina kubwa, na anayetaka kuyaona yakiwa hai aende Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Lakini hizo ni ngoma za wakulima na wafugaji. Bugobogobo, ngoma ya kulima ya Kisukuma, ina jembe ndani yake: uzito unashuka ardhini, mgongo unafuata. Ukiibandika juu ya wimbo wa wavuvi, miguu inalima huku mdomo unavua, na wazee wa mwaloni wanaliona hilo papo hapo. Jifunze kwa manju wa Kisukuma jinsi ya kupanga mistari na kuamsha hadhira. Mwendo wenyewe uchukue mtumbwini.

Peleka wachezaji wakaangalie kazi sita: kuvuta wavu, kupiga kasia, kumwaga maji kwa dumu lililokatwa, kushusha ndoo za dagaa, kutandaza na kugeuza, kuparua sangara au sato. Wasiige kwanza. Kila mmoja aandike mambo matatu: uzito uko mguu gani, pumzi inatoka wakati gani, na macho yanatazama wapi. Macho ndiyo yanayosahaulika. Mvuvi anayevuta hatazami mikono yake. Anatazama maboya ya wavu yanakaribiaje.

Kuvuta wavu wa dagaa kunaweza kuvunjwa kwenye mapigo manne. Pigo la kwanza: inama, vidole vinashika. Pigo la pili: uzito unahamia mguu wa nyuma, mgongo na mapaja vinavuta, mikono imenyooka karibu kabisa. Pigo la tatu: shikilia, maji yachuje kwenye wavu, pumzi inatoka. Pigo la nne: mkono mmoja unalaza wavu nyuma, mwingine umeshaanza kutafuta. Sikiliza wimbo mkiwa hapo: kwa kawaida sauti ya waitikiaji inatua kwenye pigo la pili, penye nguvu, na kiongozi anajaza la tatu na la nne, wavutaji wanapopumua. Ngoma yenu ikiweka jitihada kwenye sauti ya kiongozi, imegeuzwa kichwa chini, na hakuna uhariri utakaoiponya.

Kosa la kwanza la kila mchezaji ni kuvuta kwa mikono mitupu isiyo na mzigo. Dawa yake ni dumu. Jaza dumu la lita 20 nusu, ambayo ni kilo 10 hivi, lifunge kamba ya mita nane, mchezaji alivute mchangani kwa mapigo manne yale kwa dakika tano. Apumzike, kisha dumu likiwa limejaa, dakika tano nyingine. Halafu ondoa kamba ghafla na mwambie aendelee. Mwili unakumbuka uzito kwa dakika chache tu, na hizo ndizo dakika za kurekodi zoezi kwa simu ili ajione. Rudia kila mwanzo wa mazoezi. Angalia mambo mawili baada ya kamba kuondoka: ngumi zinajifunga kabisa, kana kwamba kamba imekwisha unene, na mwendo unaongezeka kwa kuwa hakuna kinachozuia. La kwanza lirekebishe kwa kumpa ashike kipande cha kamba cha urefu wa kiganja. La pili lirekebishwe na waitikiaji, waimbe wakiwapo mazoezini. Spika haiwezi kumsubiri mchezaji.

Ukishapata mapigo manne ya kweli, hapo ndipo tafsiri mpya inapoanza. Kiitikio kinarudi mara saba kwa maneno yaleyale. Usikibadilishie mwendo, badilisha kinachouzunguka. Kiitikio cha kwanza, watu sita mstari mmoja. Cha pili, mstari uleule umegeuka, tunaona migongo. Cha tatu, kitendo kimepunguzwa hadi kikabaki begani tu. Cha nne, baada ya taa, mtu wa tatu hayupo na nafasi yake imeachwa wazi. Wavu unapita pale kana kwamba kuna mikono. Cha tano na cha sita, mama anakunja kanga kwa mapigo yaleyale manne: shika, vuta, shikilia, laza. Hakuna aliyemwambia mtazamaji kwamba ukunjaji ule ni uvutaji ule, lakini mwili wake umeshajifunza.

Kwenye mialo mingi mwanamke kupanda mtumbwi wa kuvulia ni jambo lenye miiko. Kama wachezaji wako ni wa kike, ongea na mwenye chombo kabla. Mara nyingi mtumbwi mkuukuu usiotumika kuvulia tena unakubalika bila neno, na kwa kazi yetu ndio unaofaa.

Kwa wachezaji sita wasio wazoefu, panga vipindi kumi hadi kumi na viwili vya saa mbili. Vipindi vitatu vya mwisho vifanyike palepale mtakapopigia picha. Mchanga unameza miruko: anayeruka juu ukumbini hataruka juu hivyo ufuoni, na vifundo vya miguu vinachoka upesi. Punguza miruko, ongeza kushuka na kuinuka.

Mtumbwi wa mchangani

Hakuna sababu ya kuwasimamisha wachezaji kwenye mtumbwi ulio majini. Utayumba pasipo wimbo, kamera nayo itakuwa kwenye chombo kingine kinachoyumba vingine, na mtu mmoja akiteleza kazi imekwisha. Vuta mtumbwi ufuoni, mkuku uingie mchangani sentimita kumi hivi ili usilale ubavu, ziwa likiwa nyuma yake. Weka kamera chini, sentimita 40 kutoka mchangani, mita sita hadi nane kutoka ubavuni, kwa lenzi ndefu kiasi. Shusha au pandisha mpaka ukingo wa mtumbwi ufunike mstari ambapo mchanga unakutana na maji. Jicho litaona mtumbwi, kisha maji, kisha anga.

Watu wawili wajifiche nyuma ya tezi na omo wakibonyeza kwa zamu, taratibu, bonyezo moja kwa kila mapigo manane. Wakifuata kila pigo itaonekana mtumbwi unacheza muziki. Ziwa halijui muziki. Kwenye kona ya fremu, mtu mwingine arushe maji kidogo kwa kopo pale wavu "unapoingia". Vaeni nguo zilizolowa kweli. Nguo kavu ndani ya mtumbwi wa dagaa ndiyo inayomwonyesha mwenyeji kwamba hapa hapakuvuliwa.

Picha za taa usiku zipige kutoka nchi kavu, kwa lenzi ndefu na stendi, mwezi giza. Zinatosha kabisa. Karabai hutoa mwanga wa manjano, taa za sola mweupe wa baridi. Funga mizani ya rangi, 3200 K kwa za kwanza na 5600 K kwa za pili, kwani otomatiki itabadilika katikati ya shoti. Taa nyingine za sola humetameta kwenye kamera japo kwa macho zimetulia. Jaribu kasi ya 1/50, kisha 1/100, na uangalie kwenye skrini kubwa kabla ya kumaliza usiku.

Mwanga, maji na mawe

Jua la Mwanza huchomoza kati ya saa 12:25 na saa moja asubuhi kutegemea mwezi, na huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni. Giza hapa halisubiri: jua likishazama una dakika ishirini na kidogo. Fuo za jiji zinazotazama Ghuba ya Mwanza zinakabili magharibi, kwa hiyo jua linazama upande wa maji. Ukitaka lichomoze juu ya maji, tafuta ufuo unaotazama mashariki visiwani. Kati ya saa tano na saa tisa mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo na maji yanang'aa kama bati jipya. Muda huo fanyeni mazoezi kivulini au pigeni picha za mikono kwenye chanja, ambazo zinapenda jua kali.

Kichocho ni jambo la kweli, si la kutisha wageni. Konokono wake hukaa maji ya kina kifupi yenye majani, na hatari huzidi kadiri jua linavyopanda kuelekea mchana. Picha za miguu majini zipunguze ziwe chache, zipigwe mapema asubuhi, mahali penye mchanga safi na mawimbi, na wasaidizi wavae mabuti marefu. Kila aliyeingia majini apime wiki sita hadi nane baadaye. Tiba yake, praziquantel, inapatikana. Waulize pia wenyeji kuhusu mamba na viboko wa ufuo huo kabla ya kushusha mzigo. Anayepanda chombo, hata kwa dakika mbili, avae jaketi okozi.

Mawe makubwa ya Mwanza yanavutia kila mpiga picha, na yanaumiza wachezaji wengi. Karibu na maji yana utelezi wa kijani usioonekana. Juu yake, kufikia saa sita yanachoma nyayo. Yatumieni asubuhi, miguu mikavu, na asiruke mtu.

Kucheza kwa sauti iliyorekodiwa

Siku tatu za kupiga picha na moja ya akiba zinatosha kwa shoti 40 hadi 60. Kila rudio lianze na mapigo manane ya kuhesabu, kisha makofi mawili mbele ya kamera, kisha wimbo. Makofi ndiyo yatakayomsaidia mhariri kulinganisha sauti na picha.

Tumia spika ya waya. Isiyo na waya huchelewesha sauti, na simu inayorekodi haijui imechelewa kiasi gani. Angalia pia umbali. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mchezaji aliye mita 34 kutoka kwenye spika anasikia pigo sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya yule aliye jirani nayo. Kwa wimbo wa mapigo 90 kwa dakika hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya saba ya pigo, na kwenye mstari mrefu ufuoni inaonekana wazi kama wimbi linalopita. Weka spika katikati ya mstari, nyuma ya kamera, au mbili pembeni.

Piga picha kwa fremu 25 kwa sekunde, kasi 1/50, na uivishe kamera kichujio cha kupunguza mwanga badala ya kupandisha kasi. Kasi kubwa huufanya mvuto uonekane wa kukatika-katika. Kwa sehemu za mwendo wa polepole piga fremu 50, na kama unataka miili ibaki kwenye mapigo ya wimbo, wachezeshe kwa wimbo ulioongezwa mwendo mara mbili. Ni vigumu, wafanye mazoezi yake kando. Tunashauri sehemu moja tu ya hivyo katika filamu nzima.

Kila ngoma ya kundi ipige kwanza kwa upana, mwili wote na miguu ndani ya fremu, wimbo mzima, mara mbili. Kisha sogea. Vikundi vinavyoanza na sura za karibu hufika jioni bila miguu, na ngoma isiyo na miguu haihaririki.

Angalia mnachokiweka nyuma ya wachezaji. Namba za mitumbwi, makokoro yaliyoanikwa, samaki wachanga kwenye ndoo: vitu hivyo vinaweza kumletea mtu matatizo ya kisheria kwa sababu ya video yenu. Viondoeni kwenye fremu.

Kila jioni nakili kazi kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili tofauti.

Uhariri na maandishi

Kata kwenye pigo la tatu, lile la kushikilia, kuliko la pili. Ukikata kwenye nguvu, picha na mwili vinagonga pamoja na mtazamaji anahisi ngumi. Ukikata kwenye pumzi, mvuto unaendelea ndani ya shoti inayofuata. Achia angalau sekunde kumi za ukimya wa wimbo, sauti za mahali peke yake, kabla ya ubeti wa tano. Mtumbwi unaorudi na mtu mmoja unahitaji kusikika ukigusa mchanga.

Wimbo ubaki katika lugha yake. Maneno ya Kiswahili yaandikwe chini ya picha, mistari isiyozidi miwili, herufi 40 kwa mstari, yakae sekunde mbili hadi sita. Kiitikio kiandikwe mara ya kwanza tu. Mara nyingine zote acha macho yatazame ngoma. Mpe aliyeuimba asikie tafsiri kabla ya kuifunga. Akisita mahali, andika upya hapohapo mbele yake.

Kuionyesha mwaloni kwanza

Kabla ya mtandao, filamu ionyeshwe ilikotoka, tena ikiwa bado inaweza kurekebishwa. Chagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nyumbani. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, kwa hiyo shuka au turubai jeupe lielekee magharibi, lisipigwe na mwanga wake. Projekta ya lumeni 3000 inatosha turubai la mita tatu. Anza saa mbili usiku, giza likishashika. Onyesha mara mbili: mara ya kwanza watu huwatafuta jamaa zao kwenye picha, mara ya pili ndipo wanapotazama. Maoni ya wazee na ya kina mama wa chanja yachukue kandokando, kwani mbele ya wanaume, wengi wa kina mama hunyamaza.

Waachie waimbaji rekodi zao zote za sauti, zisizohaririwa, kwenye kadi ya kumbukumbu, na nakala nyingine kwa viongozi wa mwalo. Filamu yenyewe itengenezee toleo la simu: ukubwa wa 720p kwa Mbps 2 hufanya filamu ya dakika sita na nusu iwe MB 100 hivi, ambayo inahamishika kutoka simu hadi simu bila bando.